Bayleaf na Swali la Mwaka

Nyumba ya shambani iitwayo Bayleaf, katika kaunti ya Kent nchini Uingereza, ilijengwa mapema katika karne ya 15. Ukumbi wake ulikuwa wazi hadi kwenye paa. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia juu. Karne iliyofuata ilipoanza, upande mmoja uliongezwa vyumba vya wenye nyumba. Baadaye ikajengwa dohani, na juu ya ukumbi ikapatikana ghorofa. Kila kizazi kiliirithi nyumba hiyo kwa kuibadilisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde lake lilitengwa kwa ajili ya bwawa la maji. Nyumba ikafunguliwa boriti kwa boriti, kisha ikasimamishwa upya katika makumbusho ya majengo huko Singleton, Sussex. Wataalamu waliirejeshea sura ya takriban mwaka 1540: ukumbi ukawa wazi tena, dohani ikaachwa.

Naiheshimu kazi hiyo. Hata hivyo, yeyote anayeahidi kulirudisha taifa kwenye misingi yake ya asili hana budi kuulizwa: asili ya mwaka gani? Waliopikia kwenye dohani ile nao walikuwa wenye nyumba, na jasho lao halikuwa uharibifu. Makumbusho walau huutangaza mwaka iliouchagua. Mwanasiasa huuficha wa kwake, kisha akawaita wavamizi wote waliojenga baada yake.