Nilipishwa Bila Kustahili

Nilimtumia mwanangu kupita foleni. Naanza na hilo kwa sababu nimelikwepa kwa muda mrefu, mbele ya mume wangu, mama mkwe na muuguzi, na kila nilipolikwepa nilizidisha uongo.

Msomaji asidhani ni shida iliyonisukuma. Wapo wanaosukumwa na shida. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayekaanga vitumbua asubuhi na anayepanga mafungu ya mchicha sokoni hawana wa kuwalipa likizo hiyo; wakikaa ndani, mtaji unaliwa. Mimi sikuwa katika hali yao. Nina cherehani yangu Mbagala, mume wangu ana kazi, na mama mkwe alitoka Lindi kuja kunikanda maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Nililelewa uzazi vizuri. Kilichonitoa nje kwanza ni kuchoka kukaa, na kilichonifanya nizoee kutoka ni raha ya kupishwa.

Kwetu pwani mzazi na kichanga chake hukaa ndani siku 40. Kliniki nayo humtaka mtoto akitimiza wiki 6, yaani siku ya 42, apate chanjo zake: matone ya polio, za kuzuia kichomi na kuhara, na ile ya penta inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo. Mama naye huangaliwa siku hizo hizo. Kati ya arobaini ya wazee na tarehe ya kliniki kuna siku 2 tu. Safari ya kwanza ya mtoto ilipaswa kuwa yake mwenyewe. Mimi nilimbeba kwenda Kariakoo kununua uzi na bitana.

Asubuhi, kupata kiti kwenye daladala za Rangi Tatu ni kusukumana. Siku hiyo konda aliniona nimekumbatia mtoto akapaza sauti: “Mpisheni mama, ana kichanga huyo!” Kijana akainuka. Dukani nikahudumiwa kabla ya waliotangulia. Benki, mlinzi akanitoa mwisho wa mstari akanipeleka dirishani. Adhuhuri haijaingia nilikuwa nimesharudi nyumbani, nawasimulia kwa kicheko.

Habari ikatembea kwenye ukoo. Wifi akaleta karatasi ya ada ya mwanawe: “Nenda wewe wifi, utapishwa.” Shemeji akataka nimchukulie mzigo ulioshushwa na basi. Sikukataa hata mmoja. Kunyonyesha kukawa kisingizio changu: mtoto anategemea ziwa pekee, ataachwaje? Ilikuwa kweli kwamba haachiki. Lakini hakuna aliyenilazimisha kutoka.

Nikapata ujuzi wa kazi hiyo. Mtoto akibebwa kwenye mbeleko hufunikwa khanga usoni, akingwe jua, vumbi na pumzi za watu. Mimi nikifika mlangoni nilimfunua, ili waone udogo wake. Akilia, sikuharakisha kumnyamazisha mpaka mtu aseme nipite. Nikiulizwa ana umri gani, nilipunguza wiki. Watu wakamwinamia, wakamchekea, wakakohoa, nami nikasonga mbele. Siku moja mzee mwenye mkongojo alinipa nafasi yake akasimama nyuma yangu. Nilikuwa na karatasi za watu wengine mkononi, na hakuna hata moja iliyomhusu mtoto. Nilizishughulikia zote na mzee akasubiri. Sikumtazama usoni nilipotoka.

Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ilinikuta kwenye foleni ya ada. Nilikumbuka nikiwa palepale, nikajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika niliogopa kusemwa, kwa kuwa nimewahi kuona mama aliyechelewa akigombezwa mbele ya wenzake kwenye benchi. Nikaahirisha tena. Mume wangu alipouliza, nikamjibu kwamba chanjo zimekwisha, nimeambiwa nirudi. Neno lilinitoka kirahisi mno. Naye bila kujua akalirudia kwa jirani, na jirani, ambaye mwanawe alikuwa na tarehe wiki hiyo, akaamua asipoteze nauli. Uongo wangu ukamkosesha chanjo mtoto wa mwenzangu, na mimi niliusikia huo uamuzi wake uani tukifua, nikanyamaza.

Kisha mwanangu akaanza kukohoa. Mama mkwe ndiye aliyeona kwamba ananyonya kidogo anaacha, na mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi. Tulikwenda usiku uleule. Muuguzi alimfungua shati, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima bila kusema. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi chini ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Zake zilipita hapo. Kichomi. Tukalazwa.

Muuguzi akaomba kadi. Palikuwa na chanjo alizopata alipozaliwa, ile ya kifua kikuu na matone ya polio, na chini yake nafasi tupu. “Mlikuwa wapi?” akauliza. Nikajibu, “Nyumbani.” Mtoto wangu amelala pale na mpira wa oksijeni puani, nami bado nadanganya.

Siwezi kuapa kwamba ni foleni iliyomwambukiza. Kikohozi huingia hata nyumba iliyofungwa. Wala dozi ya kwanza haimkingi mtoto kikamilifu, ndiyo maana nyingine hufuata wiki ya 10 na ya 14. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa nilijaribu kujificha nyuma yake. Hayanisafishi. Mwanangu nilimpeleka kila penye watu isipokuwa pale palipokuwa na haki yake.

Alipopona nilimwambia mume wangu yote. Alikasirika, na aliudhika zaidi kwa kufanywa msambazaji wa uongo. Mama mkwe hakunigombeza. Aliomba asomewe tarehe zilizobaki, kisha kadi akaiweka kwenye sanduku lake mwenyewe. Kwa jirani nilikwenda kwa miguu yangu. Alinisikiliza, akanijibu kwa maneno ninayostahili, na kesho yake akampeleka mwanawe. Salamu bado tunapeana, mazungumzo yamepungua.

Sisemi mama asitoke na kichanga. Mwenye kutafuta riziki atatoka, na mwenye kukosa wa kumwachia atabeba. Ninachosema ni kwamba watu wanapompisha mama, wanampisha kwa ajili ya mtoto. Nafasi ile ni ya mtoto, na kuitumia kwa ada ya mpwa na mzigo wa shemeji ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu mzee aliyebaki nyuma. Ndugu akikuletea karatasi zake kwa sababu utapishwa, mrudishie. Ana miguu.

Wauguzi nao nawaomba: mama aliyechelewa mpokeeni kwanza, mumseme baadaye, faragha. Aliyeaibishwa mbele ya benchi harudi upesi, na anayeumia si yeye.

Na wewe mwenye kadi ambayo tarehe yake imepita, usingoje ujasiri. Chanjo za watoto hazitozwi pesa katika vituo vya serikali, na aliyechelewa haanzishwi upya dozi alizokwisha kupata. Anaendelea pale alipoishia. Nenda kesho asubuhi, useme ukweli, uchanjiwe mtoto wako.