Doa la Utomvu

Utomvu wa ndizi hautoki. Nimejaribu sabuni ya kipande, ndimu, hata chumvi. Ukidondokea shati jeupe la shule, mwanzo hauonekani. Ukikauka ndo doa linajitokeza, rangi ya kutu, na hapo hapana dawa.

Mwaka 2018 reli mpya ilianza kubeba makontena, na tajiri wa baba akauza lori ambalo baba aliliendesha tangu sijazaliwa. Baba alikaa barazani kwetu Kibokoni wiki mbili, kimya. Kisha akavuka Daraja la Nyali kwenda Kisauni, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babu, akapanda mizuzu. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, na kile kipande kilikuwa mawe matupu. Akachimba mashimo ya futi mbili, akajaza samadi. Machipukizi yalipoanza kutoka, kila shina alibakisha migomba mitatu tu: mama, binti na mjukuu. Mengine aling'oa. "Ukiwaonea huruma wote," aliniambia, "hapana atakayezaa."

Mkungu wa kwanza wa maana ulikuja karibu mwaka baadaye. Mpaka hapo mama alikuwa akichukua ndizi Marikiti, kwa deni, apate za kukaanga krispi.

Ndizi ya krispi lazima iwe imekomaa lakini mbichi. Ikianza kuiva, sukari yake inaungua karaini. Unapaka mikono mafuta, unakata ncha mbili, unapasua ganda kwa urefu, unalimenya ndani ya maji ya chumvi ili ndizi isiwe nyeusi. Mama alikata vipande vyembamba hadi unaona taa upande wa pili. Kisha jiko la makaa barazani, na pilipili ya unga ikiwachoma pua wapita njia.

Mimi niliona haya. Wenzangu shuleni walijua baba ni dereva na mama "yuko nyumbani". Siku moja tukaletwa kuzuru Fort Jesus. Tulipopewa nusu saa ya mapumziko, wasichana watatu wa darasa langu wakafuata harufu mpaka kichochoroni kwetu. Nikawafuata, moyo wanidunda. Mama akainua uso, akaniona, akatabasamu.

"We, si unakaa huku? Unamjua huyu mama?"

"Namuona tu," nikasema.

Mama hakubadilika uso. Akafunga krispi kwenye karatasi tatu, akawapa. "Twaani, wanangu. Mutalipa siku nyengine." Ya nne akanipa mimi, kama mteja.

Jioni nilimkuta mkekani, beseni la ndizi mbele yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikakaa, nikachukua kisu, nikaanza kumenya bila kupaka mafuta. Utomvu ukanishika vidole, ukaingia kwenye kucha. Mama alinitazama kitambo.

"Paka mafuta, mwanangu. Kesho una skuli."

Sikupaka.

Kesho yake, kwenye somo la hesabu, niliinua mkono kujibu swali. Mmoja wa wale watatu akaniuliza, "Umefanya nini vidole?"

"Utomvu wa ndizi. Mamangu hukaanga krispi. Ni yule wa jana."

Nilingoja wacheke. Alinyamaza kidogo, akiniangalia kama anapiga hesabu nyingine kabisa. Kisha akasema, "Mbona ulisema humjui?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Mama hajawahi kunikumbusha siku ile. Baba naye bado anavuka daraja; mgomba ukishazaa anaukata, anauacha uoze pale pale uwalishe waliobaki. Samahani sijaisema kwa mdomo. Lakini kila nikirudi Kibokoni, hata kabla ya chai, nauliza beseni liko wapi.