Kitanda cha Mtoto Kilichopelekwa Eldas



Ifikapo miezi ya mwisho ya uja uzito, nyumba zetu za pwani huingia katika pilikapilika zinazojulikana. Hutafutwa leso mpya, mbeleko, mafuta ya nazi, udi na chetezo, na katika miaka hii ya karibuni hutafutwa pia kitanda cha mtoto chenye fito pande zote nne. Aghalabu kitanda hicho huchaguliwa kwa rangi yake. Picha huonekana katika simu, moyo hutamani, pesa hutumwa. Juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya kitanda hicho, nasi tutaanzia mbali na bahari, huko Eldas katika Kaunti ya Wajir, kwa kuwa ni huko tulikotakiwa kukikagua kitanda cha mtoto kipande kwa kipande, na watu wazima wakitungoja tutoe neno.

Eldas iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Wajir, katika nchi kavu ya ngamia na mbuzi. Wenyeji ni Wasomali, Mashafii kama sisi, na Safinat an-Najaa tuliyoisoma sisi utotoni ndiyo wanayoisoma watoto wao. Tulikuwa tumealikwa kusomesha, na mgeni anayesomesha, huko kama huku, hupelekewa pia mizozo ya nyumbani.

Mzozo wenyewe ulikuwa huu. Kijana mmoja anayefanya biashara Nairobi alijaaliwa mtoto wake wa kwanza, naye akanunua kitanda mtaa wa Eastleigh, akakipakia katika lori hadi Eldas kwa mkewe. Kilikuwa kitanda cha fahari, cheupe, kimezungushiwa mito ya hariri ubavuni, kina mto wa kichwa, mfarishi mzito, na mwanasesere wa manyoya ukubwa wa mtoto mwenyewe. Bibi wa mtoto, ambaye huko huitwa ayeyo, alikitazama akasema kwamba yeye hatamfungia mjukuu wake katika zizi. Mkaza mwana akanyamaza kwa adabu, lakini hakukubali. Mume, kwa simu, alikasirika kwamba zawadi yake imegeuzwa mahali pa kukunjia nguo. Ikasemwa: aulizwe sheikh.

Tulianza kwa kumsikiliza ayeyo, na tunakiri kwamba tulifaidika. Yeye alizaliwa katika aqal, ile nyumba ya Kisomali ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo wanawake ndio waijengao, ndio waivunjao, na ndio waipakiao juu ya ngamia wakati wa kuhama. Katika nyumba hiyo mtoto hulala chini, juu ya mkeka au ngozi, ubavuni mwa mamaye. Hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna pengo la kunasa shingo. Mama akinyoosha mkono hukigusa kifua cha mwanawe na kujua kama kinapanda na kushuka. Ayeyo alilea watoto tisa hivyo. Kisha akatuuliza: "Maalim, kitanda hiki kina nini ambacho mkeka wangu hauna?"

Mkaza mwana, alipopewa ruhusa ya kusema, alijibu swali hilo vizuri kuliko ambavyo tungelijibu sisi. Alisema hawaishi tena katika aqal inayohama. Wanaishi katika chumba cha mabati chenye sakafu ya simenti, mlango wake uko wazi mchana kutwa, na mbuzi huingia. Nge huingia pia. Watoto wa jirani hukimbizana humo, na birika la chai huwekwa chini. Mama naye hulala peke yake na mtoto, amechoka, wala hana dada wala shangazi wa kuamka kwa zamu kama zamani. Mkeka ni ule ule, lakini nyumba iliyouzunguka imebadilika.

Hapa ndipo tulipokumbuka jambo ambalo hatukulisema pale, nalo tunalisema hapa kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni kina mama. Miaka iliyopita tulijiwa na mama mmoja wa huku pwani. Alikuwa amelala na mtoto wake mchanga, akaamka alfajiri akamkuta amefariki ubavuni mwake. Hakuja kutafuta taazia. Alikuja kuuliza kama ni juu yake kufunga miezi miwili mfululizo, kwa kuwa alisikia darsani kwamba mwenye kuua kwa kukosea ana kafara. Alikuwa tayari kuanza kufunga siku ile ile. Mafakihi wetu wa kale walilijua suala hili. Walizungumzia mtu aliye usingizini akamgeukia mwingine na kumwangamiza, wakaliweka katika mlango wa kuua kwa kukosea, ambao Sura ya An-Nisaa imebainisha hukumu yake. Lakini walisema pia kwamba asili ni kutokuwa na lawama, na kwamba shaka haimbebeshi mtu dhima. Mtoto mchanga huweza kufariki usingizini bila ya kuguswa na mtu. Mama huyu hakuwa na yakini ya lolote. Tulimwambia hana kafara. Alilia, akaondoka, nasi hatukujua kama moyo wake ulikubali.

Kwa hiyo tukisema juu ya mahali pa kulaza mtoto, hatusemi juu ya mapambo.

Turudi kwenye kitanda. Jambo la kwanza tuliloliomba ni kiondolewe kila kilichomo: mito ya hariri ya ubavuni, mto wa kichwa, mfarishi, mwanasesere. Mkaza mwana alisikitika, kwa maana ndivyo vilivyokipa kitanda uzuri. Lakini mtoto wa miezi miwili akizika pua katika kitu laini hana nguvu ya kuitoa. Atakiwacho ni godoro gumu lililonyooka, shuka iliyobanwa vizuri, naye alazwe chali. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza mwaka 1992 kuwahimiza wazazi wasiwalaze watoto kifudifudi, ikafuatiwa na kampeni kubwa ya mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini nchini humo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Jambo hilo halikugharimu chochote. Ayeyo aliposikia alitabasamu. Yeye daima alilaza chali, maana usipouona uso wa mtoto utajuaje hali yake?

La pili, fito. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Asiye na rula na achukue mkebe wa soda: ukipita katikati ya fito, basi mwili wa mtoto nao waweza kupita hadi shingoni, na kichwa kikanasa. Kitanda cha Eldas kilifaulu mtihani huo. Godoro lake nalo lilienea. Vidole viwili havikupita kati yake na mbao. Godoro dogo kuliko kitanda ni mtego, na wengi wetu hununua kitanda duka hili na godoro duka jingine bila ya kupima.

La tatu ndilo lililotutia hofu. Ubavu mmoja wa kitanda ulikuwa wa kuteremka na kupanda ili mama asiiname sana. Skrubu moja ilikuwa imepotea safarini, na aliyekiunga alifunga kamba mahali pake. Vitanda vya namna hiyo vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu mwezi Juni 2011, baada ya watoto kadhaa wa kadhaa kufariki kwa kunaswa ubavu ulipochomoka upande mmoja. Tunalitaja hili kwa sababu masoko yetu, iwe Kongowea, Gikomba au Eastleigh, hupokea mitumba ya dunia nzima, na muuzaji hana haja ya kukueleza kwa nini mwenye kitanda cha kwanza alikiacha. Akitafutwa fundi wa pale, akaukaza ubavu ule kwa boliti nne usiteremke tena, kazi huwa ya saa moja. Ndivyo ilivyofanywa.

Fundi alipokuwa akikaza, mkaza mwana aliuliza juu ya hirizi. Mtoto alikuwa amefungwa moja shingoni kwa uzi mgumu. Wasomaji wanajua kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana katika kuvaa kilichoandikwa Qur'ani, na kwamba wengine wameikataza hirizi kabisa. Hatukuingia humo. Tulisema kwamba uzi wowote shingoni mwa mtoto aliyelala kitandani waweza kunasa pembeni ukamkaba, na yule asomaye Ayatul-Kursiy na Al-Muawwidhatayn juu ya mwanawe hahitaji uzi wa kuzishikilia. Uzi ulikatwa na ayeyo mwenyewe. Kwa upande wetu wa pwani tuongeze: kile kisu au mkasi uwekwao chini ya mto wa mtoto ili kumkinga na mashetani uondoke leo. Na chetezo kisiachwe kikifuka chini ya kitanda usiku, Mtume (S.A.W.) ametuamuru tuzime moto tunapolala.

Kisha tukauliza: chandarua kiko wapi?

Hapakuwa na chandarua. Katika lori lile lililobeba kitanda, godoro, mito na mwanasesere, hapakuwa na chandarua. Na hiyo ni Wajir, ambako mvua zikinyesha mbu huzaana katika vidimbwi, na ambako kuna pia kala-azar. Ugonjwa huo uliwashambulia watu wa Wajir na Mandera katika mlipuko wa mwaka 2000 na 2001, na haukutoweka. Hueneza homa ya muda mrefu na kuvimba wengu, na usipotibiwa huua. Hubebwa na nzi wa mchanga, kadudu kadogo kuliko mbu, kanakopenda kukaa katika mashimo ya vichuguu, na kanaweza kupita hata katika matundu ya chandarua cha kawaida. Ndiyo maana kinatakiwa kile kilichotiwa dawa, kitandazwe juu ya kitanda na kuchomekwa chini ya godoro pande zote, kisije kikamwangukia mtoto usoni. Lau tungepewa pesa za kitu kimoja tu huko Eldas, tungenunua chandarua na kuuacha mkeka mahali pake. Mume alipoelezwa kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema atatuma viwili, kimoja cha mamake.

Kulibaki suala la mahali. Ayeyo alikuwa na hofu moja ambayo hakuiacha, nayo ilikuwa ya haki: kwamba mtoto akipewa kitanda chake atawekwa chumba chake. Hilo tulilikataa pamoja naye. Kitanda kikae chumba cha mama, kimguse ubavuni, walau miezi sita ya mwanzo. Anyonyeshwe, kisha arudishwe juu ya godoro lake. Hivyo mama husikia pumzi, wala hamlalii. Kisiwe chini ya dirisha lenye kamba za pazia, wala karibu na waya wa umeme. Na kwa joto la Eldas, kama la Mombasa la mwezi wa Machi, mtoto avikwe nguo nyepesi moja, bila ya kofia ya sufi ndani ya nyumba. Joto likizidi ni hatari kwake usingizini.

Tuliwakumbusha pale kisa cha mama yake Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas. Tunapokisimulia huwa twasimama kwenye sanduku na mto. Lakini baada ya kumtia mwanawe majini alimwambia dada yake amfuate, naye akawa akimtazama kwa mbali bila ya wao kutambua. Sanduku lilikuwa kwa ufunuo wa Mwenyezi Mungu (S.W.), na hata hivyo hakuliacha bila ya jicho.

Sasa, wako wasomaji watakaosema kwamba kitanda cha fito hawakimudu, na kwamba wanalo susu la kuning'iniza darini kama walilolelewa wao. Susu hulegea katikati. Mtoto hujikunja kama herufi nuni, kidevu kikagusa kifua, na pumzi ikabanwa. Kwa mchana, mama akiwa ameketi hapo hapo akimbembeleza, hatuna neno. Kwa usingizi wa usiku, hapana. Lakini kutokuwa na kitanda cha dukani si kasoro. Nchini Finland, tangu mwaka 1938, serikali huwapa kina mama sanduku la karatasi ngumu lenye nguo na vifaa vya mtoto. Kwanza walipewa maskini, na tangu mwaka 1949 wote. Likatiwa godoro dogo, na vizazi vya watoto vimelala humo humo. Wamaori wa New Zealand, ambao wengi wao wanapenda kulala na watoto wao kitanda kimoja, walianza mwaka 2006 kusuka kwa majani ya kwao kitanda kidogo bapa chenye kingo, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi, ili mtoto awe karibu na hapo hapo awe na mahali pake.

Tulipomweleza ayeyo habari ya Wamaori aliuliza vipimo. Tulimwonesha kwa mikono: urefu wa dhiraa moja na nusu, upana nusu ya huo, kitako kigumu kisicholegea, kingo za shubiri moja zenye matundu ya kupitisha hewa. Alisema mikeka ya aqal ni migumu kuliko hivyo na kwamba kazi hiyo ni ya siku tatu. Kina mama wa Pate, Siyu na Pemba wanaosuka ukili hawatashindwa nayo. Godoro lake liwe jembamba na gumu, likatwe kwa kipimo cha kitako, na mtoto akianza kujipindua mwenyewe ahamishwe, kwa kuwa kingo za shubiri moja hazitamzuia.