Kuchelewa na Kucheleweshwa

Mwezi Julai nilikwenda nyumbani Mbulu kwa mapumziko mafupi. Nilipita Babati, nikafika Katesh chini ya Mlima Hanang, kisha nikapanda gari jingine la kwenda Haydom kupitia Basotu. Anayeijua nchi ile anajua Julai yake: baridi ya asubuhi, ukungu unaochelewa kuondoka, na mahindi yanayosubiri kupukuchuliwa. Nilikuwa na mizigo miwili ya maana. Wa kwanza ni furushi la karatasi za wanafunzi za kusahihisha, na wa pili ni simu yenye bando la kunitosha wiki mbili.

Mtoto wa dada yangu alinipokea mfuko wa karatasi kwa heshima zote. “Shikamoo mjomba. Pole na safari.” Kisha, kabla hatujafika mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini: “Bando ipo?”

Kijana huyu ana miaka 23 na stashahada ya kilimo aliyoipata miaka miwili iliyopita. Mchana analima na mama yake. Jioni anatafuta ajira kwa simu, na akichoka kutafuta ajira anacheza. Mchezo wake ni PUBG Mobile, ambamo watu mia moja hushushwa kwenye kisiwa kimoja na kuwindana mpaka abaki mshindi. Simu yake ni nzuri kuliko nilivyodhani, ila laini yake mara nyingi haina salio la data. Kwa hiyo kila mgeni anayefika na bando huombwa jambo moja: “Niwashie hotspoti.”

Nikiri kwamba sikufurahi. Mimi ni mmoja wa wale wanaosimama darasani na kulalamika kwamba vijana wetu wanapoteza ujana wao kwenye vioo vya simu. Lakini mgeni hakatai ombi dogo usiku wa kwanza. Niliwasha hotspoti, nikaiweka simu juu ya dirisha la upande wa mashariki, ambako dada alinielekeza kwamba ndiko mtandao unakoshika, nikaketi kumtazama.

Kitu cha kwanza nilichokiona si bunduki wala mabomu, bali namba ndogo kwenye pembe ya kioo. Ilikuwa 140, ikawa 190, ikaruka 460 na kuwa nyekundu, kisha ikarudi 150. Nilimwuliza ni alama zake? Alicheka. “Hapana mjomba. Hiyo ni milisekunde. Ni muda ambao amri yangu inatumia kwenda kwenye seva na kurudi.” Nilipomwambia kwamba 190 ni chini ya robo ya sekunde, muda wa kupepesa jicho, alinijibu kwa utaratibu wa mwalimu: “Ukizoea mia na tisini, unacheza. Unapiga mapema kidogo. Shida si ukubwa wa namba, shida ni kwamba haitulii.”

Akanipa simu nijaribu. Niliona adui, nikakimbilia nyuma ya ukuta wa mawe, nikajificha barabara. Sekunde ikapita. Nikafa, nikiwa nimejificha. Nilidhani mchezo umekosea, lakini kijana akanifafanulia. Seva ndiyo hakimu. Hakimu huyo hupokea taarifa kutoka kwa wachezaji wote, na michezo mingi ya aina hii imeundwa irudi nyuma kidogo katika wakati ili iangalie mpigaji aliona nini alipofyatua. Adui yangu aliponilenga, kwenye kioo chake nilikuwa bado niko wazi, kwa sababu habari za kujificha kwangu zilikuwa njiani. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi, kwa wakati unaofaa. Hakimu aliletewa ushahidi wangu hukumu ikiwa imekwisha kutolewa.

Raundi iliyofuata alicheza mwenyewe, na alikuwa amebaki miongoni mwa kumi wa mwisho shangazi yake aliponipigia simu kutoka Dongobesh kuuliza kama nimefika salama. Mchezo uliganda palepale. Simu nyingi zinapopokea mwito wa sauti hushuka kutoka 4G hadi 3G au 2G, kwa kuwa mazungumzo bado yanapitishwa njia ya zamani. Zikiangukia 2G, data husimama mpaka maongezi yaishe. Shangazi ana maswali mengi. Nilipokata simu kijana alikuwa ameshauawa na mtu ambaye hakumwona. Hakulalamika. Aliuliza tu kama shangazi hajambo.

Usiku ule sikulala mapema. Nilianza kupiga hesabu ya safari ya ile amri ya kidole chake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 1,000 kwa milisekunde tano. Kutoka simu yake amri inakwenda kwangu, kutoka kwangu inapaa hadi mnara, inashuka mpaka pwani, inaingia baharini. Nyaya za bahari zilizotuunganisha na dunia ni za karibuni: Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Vituo vikubwa vya kompyuta za kukodisha vilivyofunguliwa na Microsoft na Amazon barani Afrika, mwaka 2019 na 2020, viko Afrika Kusini. Seva nyingine ziko Ulaya au nchi za Ghuba. Kama njia ya waya hadi Ulaya ni kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama hakuna anayekosea popote. Kijana wa Frankfurt anaanza mchezo kwenye mstari; kijana wa Haydom anaanza hatua kadhaa nyuma yake, halafu milima, mnara wenye watu wengi na simu ya shangazi vinamwongezea mzigo.

Kiswahili kina utajiri ambao hatuutumii vya kutosha. Tunasema mtu amechelewa, na tunaweza kusema amecheleweshwa. Viambishi hivyo vichache vinabeba swali zima la haki: nani alisababisha? Lakini methali tunayowakaririsha watoto ni “chelewa chelewa, utakuta mwana si wako,” na ndani yake lawama yote ni ya aliyechelewa. Hatuna methali ya aliyecheleweshwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu.

Muhula uliopita nilitoa kazi iliyopaswa kuwasilishwa kwa mtandao, na mfumo ulikuwa unafungwa saa 5:59 usiku. Saa 6:07 niliingiwa na barua pepe. Binti mmoja, aliyekuwa ameitwa nyumbani Hanang kwa msiba, aliandika: “Shikamoo Dokta. Naomba radhi, nimejaribu tangu saa mbili usiku, inafika nusu inakatika.” Aliambatanisha kazi yake. Kijiji alichokitaja kiko upande wa Basotu. Nilimjibu mstari mmoja: “Mtandao si kisingizio, wenzako wamewasilisha.” Nilijisikia mtu wa msimamo. Alama zile zilimpungukia mwishoni mwa muhula, akaangukia mtihani wa marudio, au sapu kama wanavyoiita wenyewe.

Kabla ya usiku wa hotspoti nilikuwa nimepita kijijini kwao, nimekaa dirishani, nikimlalamikia jirani yangu kwamba simu haishiki kabisa. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Ilinibidi nifie nyuma ya ukuta wa mchezo ndipo nielewe. Mwanafunzi yule alikuwa amefanya jambo sahihi, kwa wakati unaofaa, na ushahidi wake ulikuwa njiani. Nami nilikuwa seva.

Najua kuna msomaji, hasa mwalimu mwenzangu, atakayesema wanafunzi wanadanganya. Ni kweli, wapo. Nimewahi kusimuliwa habari za kukatika mtandao na mwanafunzi ambaye muda huohuo alikuwa akirusha video mtandaoni. Lakini uwepo wa waongo haugeuzi maelezo yote kuwa uongo. Mimi sikumhoji yule binti, sikuliangalia faili lake, sikupima lolote. Nilichokitumia kama kipimo ni mtandao wa ofisini kwangu, ambao haukati, na nikauita kipimo cha wote.

Serikali nayo ina kipimo chake, na si haki kusema haijafanya kitu. Sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ni ya mwaka 2006, na shabaha yake ni maeneo kama haya ambayo biashara peke yake isingeyafikia haraka. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Ninaiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo takwimu zinazosomwa majukwaani ni za minara mingapi na laini ngapi. Mnara ukisimama, kijiji kinaandikwa kwamba kimefikiwa. Swali la kijana wetu, kama namba inatulia, halisikiki sana kwenye hotuba.

Vilevile tunakumbuka tu kukatika kulikomgusa kila mtu. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, nchi nzima ilijua. Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, dunia nzima ilijua. Matukio hayo mawili si ya aina moja, kwa kuwa la kwanza ni ajali na la pili ni uamuzi, na la pili linadai maelezo ambayo la kwanza halidai. Lakini kukatika kwa kila jioni kwenye miteremko ya Mbulu na Hanang hakuna tarehe, na jambo lisilo na tarehe halipelekwi kwenye kikao.

Sikuweza kumrudishia yule binti alama zake, kwa kuwa matokeo yalikwisha kupitishwa. Nilimwandikia kumwomba radhi, na nashukuru alinijibu kwa upole ambao mimi sikumwonyesha. Nimebadilisha kanuni zangu. Kazi zangu sasa zinafungwa mchana, wakati ambapo mtu anaweza kutembea hadi mahali penye mtandao, si usiku wa manane. Napokea maandishi matupu yasiyo na picha, yanayopita hata kwenye njia nyembamba. Aliyekwama ana siku moja zaidi bila kunieleza sababu, ili nisiwe hakimu wa misiba ya watu.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosimamia mifumo ya maombi, ninayo maombi matatu ya namna hiyohiyo. Mfumo uhifadhi kazi ya mwombaji kila hatua, ili mtandao ukikatika asianze upya. Kurasa ziwe nyepesi. Na muda wa mwisho usiwe usiku wa manane. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mnara mpya.

Siku ya tatu nilimkuta kijana amekaa chini ya dirisha lile saa kumi alfajiri, amejifunika blanketi. Nilidhani anacheza. Alikuwa anajaza maombi ya nafasi ya ofisa ugani kwenye mfumo wa ajira serikalini. Aliniambia saa ile ndiyo mtandao huwa umetulia, kwa kuwa watu wamelala. Mchezo ndio uliomfundisha hivyo: kwa miaka miwili amekuwa akiitazama ile namba pembeni mwa kioo, na anazijua saa zake kama babu yake alivyozijua mvua. Cheti chake cha mwisho kilipita saa kumi na dakika arobaini. Mfumo ulimwandikia kwamba maombi yamepokelewa.

Nilikuwa nimemwona kijana anayepoteza muda. Kumbe ni kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuufidia muda ambao wengine wanaupoteza kwa niaba yake. Mara nyingine kijana wa Mbulu au Hanang atakapokufikia amechelewa, mwanafunzi, mwombaji au mwananchi mwenye fomu mkononi, kabla hujamjibu jiulize kama amechelewa au amecheleweshwa.