Mlango wa Pili wa Mwuguzi

Mdogo wetu wa kike alipopata A2 ya uuguzi katika shule ya sekondari, sisi ndio tuliomwambia: «Yatosha, mama, sasa fanya kazi.» Tulihesabu mshahara, hatukuhesabu akili zake. Miaka sita alishika zamu za usiku katika chumba cha wazazi, hata siku moja akatuuliza kama chuo kikuu cha misioni kingempokea.

Twende tukaulize. Mwenye diploma ya Serikali aweza kuingia. Lakini mambo yamegeuka: zamani graduat ya miaka mitatu ilitoa A1, na lisansi ya miaka miwili juu yake ikatoa A0. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango wa LMD umeanza kuchukua mahali pake: lisansi ni miaka mitatu, masta miwili. Jina la lisansi ni lile lile, kipimo sicho. Mzazi asilipe kabla ya kufahamu hilo. Nayo misalaba ukutani haiongezi thamani ya diploma.

Tuliuliza pia: wanafunzi humshika mgonjwa wapi? Mwaka 1926 walimu wa Louvain walipoanzisha FOMULAC huko Kisantu, shule ya wauguzi ilikaa pamoja na hospitali. Chuo kisicho na vitanda karibu, sisi twakiogopa.

Leo yuko mwaka wa pili. Ada twagawana na shemeji. Mtoto wao mdogo alala kwetu, na usiku humwita mama yake.