Mjukuu Wangu na Kikosi Chake



Katika likizo iliyopita mjukuu wangu alipanda kutoka Tanga kuja kunitembelea. Hapa Dindira, juu huku katika milima ya Korogwe, baridi huingia mapema, na baada ya sala ya Isha kila mtu hujifungia kwake. Usiku wa tatu niliamka saa tisa kwenda kutawadha, nikaona mwanga chini ya mlango wa chumba chake. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema, alhamdulillahi, mtoto ameamka kusali. Nilipofungua mlango nikamkuta amejitanda blanketi, kompyuta ndogo ya kupakata iko magotini, na mkononi ana kalamu anaandika majina katika daftari.

"Unafanya nini saa hizi, mjukuu wangu?"

"Dirisha la usajili linafungwa, babu," akanijibu bila ya kuinua macho.

Dirisha nililolijua mimi lilikuwa limefungwa tangu magharibi.

Alfajiri nilimwita mara mbili, hakuamka. Jua lilipotoka, akiwa ameinamisha kichwa kwa haya, nikamwambia: "Leo utanieleza jambo hilo lililokupita na sala." Nilitaka nilijue kabla ya kulihukumu, maana mzee akikemea asichokijua, mtoto humnyamazia tu na moyoni humcheka.

Basi nikaelezwa. Huu si ule mchezo wa kukimbiza mpira kwa vidole. Mwenye kucheza huwa ndiye kocha. Hununua wachezaji na kuuza, hutazama mishahara, hupanga nani aanze na nani akae benchi, huchagua mfumo, kisha hukaa akatazama mechi kama mimi na wewe tunavyokaa kiwanjani, hana uwezo wa kuupiga mpira hata mara moja. Unaitwa Football Manager, nao hutengenezwa London na kampuni ya Sports Interactive. Walioanza kazi hiyo ni ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, na mchezo wao wa kwanza ulitoka mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Jina hili la sasa wamelitumia tangu mwaka 2004.

Ndani yake mna maelfu ya wachezaji wa kweli wa dunia hii, na kila mmoja ameandikiwa namba kuanzia 1 mpaka 20: mbio zake, pasi zake, umaliziaji wake, hata ushujaa na bidii yake. Tena zipo namba mbili zilizofichwa, zinazofika 200. Moja ni uwezo wake wa leo, na ya pili ni uwezo anaoweza kuufikia akilelewa vyema. Hizo kocha haonyeshwi. Wasaka vipaji wake humletea makisio tu. Wala usidhani ni mambo ya kitoto. Mwaka 2008 klabu ya Everton ya Uingereza ilipatana na kampuni hiyo ili itumie hazina ya habari zake katika kutafuta wachezaji.

Nilipolifunua daftari la mjukuu wangu nilistaajabu. Ameandika mkataba wa nani unakwisha, nani apelekwe kwa mkopo, na kwa nini amewaacha washambuliaji wawili akabaki na mmoja, kwa kuwa kiungo chake kilikuwa kikizidiwa watu. Hesabu zile zilikuwa safi kuliko za daftari langu la ada ya madrasa. Nami si mgeni wa mpira. Mwaka 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Tanzania, nilikuwa kijana Tanga, na furaha ya mji ule naikumbuka mpaka leo.

Toleo alilo nalo ni la zamani, la mwaka 2020. Alichagua kuwa kocha wa Genk ya Ubelgiji kwa sababu wakati ule alikuwako huko Mbwana Samatta, kijana wetu wa Mbagala, aliyetoka Simba akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akatwaa nao ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akahamia Genk.

"Basi Samatta wako anaendeleaje?" nikamwuliza.

"Nimemuuza, babu."

"Umemuuza! Si ndiye uliyemfuata?"

"Ndiye. Lakini umri unakwenda. Ningechelewa, thamani yake ingeshuka."

Akalisema hilo kwa upole, kama mtu anayeuza mbuzi kabla ya kiangazi. Nikamnyamazia, maana hata katika mpira wa kweli ndivyo ilivyo. Januari 2020 Samatta alinunuliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza. Machi mosi mwaka huo akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, wakafungwa na Manchester City mabao 2 kwa 1. Ilipofika Septemba, alikwisha kupelekwa Uturuki kwa mkopo.

Kisha mjukuu wangu akanionyesha kijana mwingine, wa miaka 17, asiyekuwepo duniani. Amezaliwa ndani ya mashine. Namba zake zilikuwa duni. "Huyu msimu mzima hajafunga hata bao moja," akaniambia, "lakini simwachi. Msaka vipaji wangu anasema atakuja kuwa mkubwa. Nimempa mwalimu wake mwenyewe, na kila mechi nampa dakika kumi."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma, nami nitakueleza kwa nini, ingawa naona haya.

Zaidi ya miaka 15 iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye ulimi mzito. Wenzake wakimaliza ukurasa, yeye yuko mstari wa pili. Mwaka ule tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya kusoma Qur'ani, na mimi nilitaka madrasa yetu ya mlimani isikike mpaka mjini. Nikawaweka mbele wenye sauti na hifadhi. Yule mzito nikamwona ananichelewesha. Nikamwita mama yake, mchuma majani ya chai, nikamwambia: "Mama, mpeleke kwa mwalimu mwingine kwa muda, kisha tutaona." Akaniitikia, "Haya, maalim." Ule muda haukwisha, wala mimi sikuuliza tena habari za mtoto.

Wasomaji wangu wawili walipata zawadi, nami nikapongezwa. Sasa mjukuu wangu, katika mchezo, ameweza kumvumilia mtoto asiye na roho, akampa dakika kumi kila mechi. Nami sikuweza kumpa dakika kumi mtoto aliyeletwa kwangu na mama yake kwa mkono.

Nilimtafuta. Haikuwa kazi, maana hakuwa mbali. Ni mimi niliyekuwa sitazami. Siku hizi anaendesha bodaboda, ana mke na watoto wawili. Aliponiona alizima pikipiki akashuka.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Nikamweleza kosa langu. Akanyamaza kitambo, akaifuta tangi ya pikipiki kwa kiganja. Kisha akasema kwamba mwalimu mwingine hakumpata, kwa sababu mama yake hakuwa na nauli ya kumpeleka mbali. Akaongeza: "Lakini pale tulipoishia napajua, maalim. Huwa naparudia peke yangu njiani."

Nilishindwa kusema. Tangu siku ile huja kila Alhamisi baada ya Isha, na tunakwenda mstari kwa mstari. Bado ni mzito, nami sasa sina haraka.

Nimeyaandika haya ili nikunasihi mambo matatu.

La kwanza, kaa na mwanao umwulize anachokicheza kabla hujakivunja wala hujakisifu. Mchezo huu si kamari, kwa kuwa mjukuu wangu hakuweka shilingi. Fedha zinazotajwa humo ni za hewani. Ama anayetoa fedha yake ya kweli akabashiri matokeo ya mechi, hukumu yake inajulikana na haihitaji maelezo yangu.

La pili, kila kitu kiwe na mpaka wake. Tumepatana, mimi na mjukuu wangu, kwamba ikifika saa nne usiku kompyuta inafungwa, hata kama dirisha lake la usajili liko wazi. Usajili utapatikana msimu ujao. Alfajiri iliyopita hairudi.

La tatu, nalo ndilo kubwa, tujihadhari na kuwatazama watu kwa jicho la kocha. Katika mchezo, anayeachwa hana mama wa kuulizwa, wala halali na huzuni. Lakini nyumbani na madrasani tunao watoto wa kweli, nasi tumezoea kusema huyu ana akili, yule hana. Huyu asomeshwe, yule akachunge. Nani kati yetu ameonyeshwa ile namba iliyofichwa? Hiyo ameificha Mola, na sisi hatukupewa hata msaka vipaji wa kutukisia. Tulichopewa ni mtoto mwenyewe, na siku moja tutaulizwa tulimfanyia nini.

Mjukuu wangu amerudi Tanga. Siku ya kuondoka nilimwuliza habari za yule kijana wake wa miaka 17.

"Amefunga, babu," akasema huku anacheka. "Dakika ya mwisho."

Wassalaam.