Kanzu Mbele ya Meza

Katika ukoo wetu elimu ya meza za hoteli iliingia kwa mlango wa jikoni, kwani ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mtumishi wa meza katika hoteli moja kubwa ya Dar es Salaam tangu enzi ya Waingereza, na ndiye aliyetufundisha sisi watoto, juu ya jamvi la ukumbini, kwamba uma hukaa kushoto na kisu kulia, na kwamba mtumishi mwenye adabu hayasikii mazungumzo ya wageni wake hata yakiwa yamhusu yeye mwenyewe. Alivaa kanzu nyeupe iliyotiwa wanga, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani, akapendeza kama bwana harusi. Lakini vazi hilohilo, lililostahili kubeba chakula, halikustahili kuketi mbele yake: baada ya magharibi mgeni alitakiwa avae koti na tai, na kabla ya koti alitakiwa rangi ya ngozi, sharti ambalo halikuhitaji kubandikwa ukutani ili lifahamike. Ami hakulisemea jambo hilo kwa uchungu. Mimi nilipopata akili nililisemea, na ningali nalisemea.

Uhuru wa mwaka 1961 ulilivunja sharti la rangi. Katika baraza ya New Africa, hoteli ambayo zama za Wadachi iliitwa Kaiserhof, wakawa wanaketi wakimbizi wa siasa kutoka nchi za kusini zilizokuwa bado mikononi mwa wakoloni, maana mji wetu tangu 1963 ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Na mwaka 1965 ikafunguliwa hoteli ya Kilimanjaro, yenye kuielekea bandari, tukaihesabu kuwa fahari ya taifa. Nami nilipopata kazi ya ukarani nikashona koti, nikaingia katika nyumba mojawapo ya namna hiyo, nikaletewa orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu: supu ya nyanya, nyama ya ng'ombe ya kuokwa, viazi vya kuponda, kastadi. Tui la nazi halikutajwa popote, ilhali kila mlango wa jikoni ulipofunguliwa ilitujia harufu ya changu wa kupaka, ambaye wapishi walikuwa wakijipikia wenyewe. Wananchi tulikuwa tumekwisha kuingia kwa mlango wa mbele, na chakula chetu kimebaki uani.

Kilichokileta mezani, kwa kadiri nilivyoshuhudia, hakikuwa fahari bali dhiki. Baada ya vita vya Kagera siagi, unga wa ngano na sukari viliadimika, hata hoteli za tabaka la juu zikawa na orodha ndefu na ghala tupu. Ndipo wapishi walewale, wasiokuwa tena na vitu vya makopo, walipogeukia kile kilichopatikana katika masoko ya Kariakoo na Feri, wakaandaa muhogo wa nazi, kisamvu, pweza wa mchuzi na wali uliopikwa kwa tui zito. Wageni wakala, wakaridhika, wakaomba waongezwe. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 makopo yakarudi, lakini pweza alikuwa amekwisha kupata kiti chake.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Unguja, katika miaka ya 1990, juu ya dari ya nyumba kongwe ya Hurumzi, wageni wa Ulaya walivua viatu, wakaketi juu ya mazulia na mito, wakala vyakula vya pwani huku Mji Mkongwe umetandaa chini yao, yaani walifundishwa adabu ambayo bibi zetu walitulea nayo bila ya malipo. Na siku nilipokwenda na wanangu kula katika nyumba ya kifahari upande wa Masaki, nimevaa kanzu na kofia ya vito, binti aliyetuhudumia alinipigia magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, mzee wangu, karibuni," akanivutia kiti. Ami alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, naye katika umri wake wote hakupata kuandikiwa meza aliyoijua kuliko mtu yeyote aliyepata kuiketia.

Bado kuna upungufu. Bei ya sahani moja yaweza kuwa ujira wa siku nyingi wa yule aliyeipika, na orodha ingali ikiandikwa kwa lugha ya mgeni hata pale ambapo walaji na walishaji wote ni Waswahili. Basi enyi wenye nyumba hizi, nawasihi: andikeni majina ya vyakula kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate, na mgeni akikisifu chakula, mwiteni mpishi aje mezani, ashukuriwe kwa jina lake.